Usimtume mtoto bia: maelekezo ya mama wa grosari kwa wazazi na wenye sherehe

Mtoto alikuja dukani kwangu saa 2 usiku, chupa mbili tupu kwenye mfuko, noti ya 5,000 ameikunja kiganjani. Yuko darasa la tatu na wazazi wake nawafahamu. "Shikamoo mama. Baba amesema umpe mbili za baridi." Nilimwitikia marahaba, nikapokea chupa, nikamrudishia hela yake pamoja na kikaratasi: "Shemeji, bia zako zipo, njoo uchukue mwenyewe." Baada ya robo saa baba yake alifika amekasirika. Aliniuliza, mtoto amekunywa? Hajanywa. Sasa kosa liko wapi?

Swali hilo nimeulizwa na wengi, akina mama pia. Usiku ule sikumjibu vizuri kwa sababu wateja walikuwa wamejaa na yeye alikuwa anapaza sauti. Ninamjibu hapa, na ninawaeleza wazazi wengine namna ninavyofanya kwangu na kwenye sherehe ninazosimamia.

Nina grosari Kizota, hapa Dodoma mjini, mwaka wa 11 huu. Kabla ya hapo nilikuwa namsaidia mama yangu kupika ujimbi, pombe yetu ya kienyeji, kule Hombolo, na ada zetu za shule zilitoka kwenye ule mtungi. Sina chuki na pombe wala na wanywaji. Nimekaa kwenye kamati za vinywaji za kipaimara, send-off na harusi mpaka nimepoteza hesabu, na ninajua kreti linapita mikono mingapi kabla halijafika mezani. Baadhi ya mikono hiyo ni ya watoto, na sisi ndio tunaoiweka pale.

Nianze na sheria, kwa kuwa watu wengi wanadhani haipo au kwamba inamhusu mwenye baa peke yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18. Haiangalii kama ameota ndevu, ametoka jandoni, amemaliza darasa la saba au ameshaanza kuuza karanga stendi na kujinunulia nguo. Kijana wa miaka 17 na miezi 11 ni mtoto. Sheria hiyo inakataza kumuuzia mtoto pombe, sigara na vilevi vingine, na inakataza kumruhusu aingie disko na klabu za usiku. Anayevunja anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili.

Sasa shemeji yangu, tazama ilivyo. Mtoto wako anaposimama mbele ya dirisha langu na hela mkononi, mnunuzi ninayemwona ni yeye. Wewe uko nyumbani unaangalia mpira. Akija ofisa wa halmashauri au askari dakika ile, hatakuta baba, atakuta mama wa grosari anamkabidhi bia mtoto wa miaka 9. Leseni ya vileo yenye jina langu iko ukutani, na nimeilipia. Hilo ni upande wangu. Upande wako ni huu: sheria hiyohiyo inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto asitelekezwe, asifanyiwe ukatili, asiwekwe kwenye mazingira ya kumdhuru mwili au maadili yake. Wajibu huo haukomi mlangoni. Mzazi anayesema "sikumuuzia, nimempa mwenyewe, tena sebuleni kwangu" bado yumo ndani ya sheria. Mlezi naye yumo, na ndugu anayekaa na mtoto wa ndugu yake yumo. Kanuni ya Adhabu nayo ina kosa la ukatili kwa mtoto, na mtu mzima aliyekabidhiwa mtoto akimfanyia jambo la kumuumiza au kumharibia afya anaweza kushtakiwa.

Gongo iache kabisa nje ya hesabu ya umri. Hiyo haina miaka 18 wala 80. Kuipika na kuiuza bila kibali ni kosa tangu enzi za sheria ya pombe ya moshi ya miaka ya 1960. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipigwa marufuku Machi 2017, na wengi tulishukuru kwa sababu watoto wa shule walikuwa wanaviweka ndani ya soksi. Ila vichupa vidogo vya pombe kali bado viko madukani na vinaingia mfukoni vilevile. Usidhani tatizo liliondoka na kipakiti chake.

Halafu kuna mtoto ambaye wengi hatumhesabu. Yule binti wa kazi aliyeletwa kutoka Mpwapwa au Kongwa, ana miaka 15, anakulelea wanao. Huyo ni mtoto sawa na hao anaowabeba. Nimeona nyumba ambazo mtoto wa kuzaa hatumwi bia kamwe, anatumwa binti wa kazi, usiku, apite mbele ya wanaume waliokwisha lewa. Ukimtuma mimi simuuzii. Na usimpeleke kumsaidia dada yako kuhudumia kilabuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza kumweka aliye chini ya 18 kwenye kazi ya hatari. Mimi niliyekulia kilabuni nakwambia, saa 3 usiku kilabuni ni mahali pa hatari kwa msichana. Nilikuwa pale na ninajua nilivyokuwa naitwa na nilivyokuwa nashikwa.

Kilichonibadilisha zaidi ya sheria ni kipaimara cha mtoto wa mjomba wangu, Hombolo.

Sherehe ilikuwa nzuri. Ng'ombe mmoja, ngoma ya muheme, turubai mbili, na mimi nimekabidhiwa vinywaji. Ili chupa zisipotee, maana chupa tupu zina amana yake, niliwapanga wavulana wanne wapite kwenye meza kukusanya. Nikawaahidi soda moja moja na 2,000 kila mmoja. Watu wazima wote tuliona ni mpango mzuri. Kijana wa dada yangu, miaka 12 wakati ule, alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyewapa bia. Walikuwa wanapeleka chupa nyuma ya nyumba na kumalizia kilichobaki ndani, kidogo hapa, kidogo pale, na glasi za mvinyo pia. Mvinyo mwekundu mtamu ukiuangalia kwa macho ya mtoto ni juisi.

Tulimkuta karibu na saa 4 usiku, amelala pembeni ya banda. Tukacheka kwanza. Nasema ukweli, tulicheka. Tukajaribu kumwamsha, hakuamka. Ngozi yake ilikuwa ya baridi na anahema polepole. Baba mmoja akammwagia maji ya kisima. Mama mwingine akaleta kahawa, wakamfungua mdomo kwa kijiko. Mwingine akataka tumtie kidole atapike. Dada yangu alikuwa anapiga kelele. Tulipomfikisha kituo cha afya tukiwa tumembeba kwenye gari ya kukodi, mhudumu alimtoboa kidole, akatuambia sukari imeshuka sana, akamwekea dripu. Alizinduka alfajiri. Yule mhudumu hakutugombeza. Alitueleza taratibu makosa yetu moja baada ya jingine, na nimeyashika mpaka leo.

Mwili wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo kiasi ambacho mtu mzima hakisikii kinaweza kumzimisha. Pombe inazuia ini kutoa sukari, na mtoto hana akiba kubwa, hasa kama ameshinda anacheza bila kula. Kwa hiyo ukimkuta mtoto amelewa na haamki, au anahema polepole au kwa kukatakata, au midomo imebadilika rangi, au anatapika huku amelala, au amepata degedege, usisubiri pombe "imtoke". Mlaze kwa ubavu ili akitapika yasimrudie kooni. Mfunike, asipate baridi. Usimwache peke yake hata kwenda kutafuta gari; mtume mtu mwingine. Usimpe kahawa, maziwa wala chochote mdomoni wakati hajitambui. Usimtapishe. Usimmwagie maji, kwa sababu mwili wake unapoteza joto tayari. Ukifika kituoni sema wazi amekunywa nini na kama unajua kiasi gani, chukua na chupa. Kama ni gongo taja gongo, maana iliyopikwa vibaya huweza kuwa na sumu inayopofusha macho, na mganga anatakiwa ajue mapema. Aibu ya kusema iache nyumbani.

Baada ya Hombolo sijawahi kumpa mtoto kazi ya kukusanya chupa.

Sasa nyumbani. Jambo la kwanza ni hilo la kutuma, na dawa yake ni rahisi: bia yako ifuate mwenyewe, au nunua mapema unapotoka kazini, au mpigie simu mwenye duka umlipe kwa simu na mtu mzima wa nyumbani aje kuchukua. Mimi nina wateja wanaofanya hivyo na hatujawahi kukosana. Mtoto mtume unga, chumvi, kiberiti, vocha. Ukimzoesha kubeba bia ya baba tangu darasa la tatu, akifika kidato cha pili akaja na hela yake mwenyewe, muuzaji gani atajua kama safari hii ni ya baba au ni yake? Wauzaji wamekwisha kumzoea. Njia umemchorea wewe.

Pili, ihifadhi. Dodoma ni mji wa zabibu. Nyumba nyingi zina dumu la lita 5 la mvinyo chini ya meza ya jikoni, karibu na mafuta ya kula. Weka juu, weka chumbani, funga kabati kwa kufuli kama una watoto wa umri wa kujaribu. Usihamishie pombe kwenye chupa ya maji au ya soda. Nimeshuhudia mtoto mwenye kiu akipiga funda la pombe kali akidhani ni maji. Bia ina kilevi cha kama asilimia 5, mvinyo kama 12, konyagi 35. Funda moja la hiyo ya mwisho ni kama mafunda saba ya bia, na mtoto hapigi funda kwa kipimo.

Wale tunaokamua zabibu wenyewe wakati wa mavuno tuwe makini zaidi. Juisi ya zabibu iliyokamuliwa leo ni juisi. Ikilala kwenye ndoo siku mbili tatu kwa joto la Dodoma inaanza kutoa mapovu, kwa kuwa hamira ya asili iko kwenye maganda yenyewe. Utamu bado upo, kwa hiyo mtoto hatagundua. Ukiona mapovu, hiyo si ya watoto tena. Ni vivyo hivyo kwa wanaopika ujimbi. Ule uji mtamu wa siku ya kwanza baada ya kutia kimea, ambao sisi tulikuwa tunachotewa kwenye kibuyu, ni togwa na hauna neno. Siku zinazofuata ni kitu kingine. Mama yangu alikuwa anatenga togwa ya watoto kwenye chungu chake siku ileile na kuipeleka chumba kingine, akitutangazia: "Yenu ni hii, ikiisha hakuna nyingine." Nilipokuwa mdogo niliona ni uchoyo.

Tatu, kuonjesha. Hili lina utetezi mwingi: "Akionja kwangu hatatamani kwa wengine." "Na mimi nilionjeshwa, mbona niko salama." Wengine wanamchovya mtoto mchanga povu la bia mdomoni ili wamcheke anavyokunja uso. Hilo la mchanga liache leo hii, sina maneno mengi. Kuhusu wakubwa, binti yangu anayesoma uuguzi Chuo Kikuu cha Dodoma alinisomea habari za utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2018. Waliwafuatilia vijana zaidi ya 1,900 na wazazi wao kwa miaka 6, tangu wakiwa na miaka kama 12 mpaka 18. Hawakuona faida yoyote ya mzazi kumpa mtoto pombe ili kumzoesha. Waliopewa na wazazi wao ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata kwa watu wengine pia. Mimi nina wateja wa kutosha kuniambia hayohayo, lakini nilifurahi kusikia kuna watu waliokaa miaka 6 kuhesabu.

Kijana wa miaka 15 hadi 17 kufuli la kabati halimtoshi, huyo anahitaji kuzungumzwa naye. Usimvizie amekosea ndiyo uanze. Mwambie mapema, akiwa ametulia, mkiwa mnafanya kazi pamoja: "Kwenye mahafali mtapewa. Ukipewa sema baba yangu atanikamata, nilaumu mimi." Mpe namba ya mtu mzima mmoja ambaye anaweza kumpigia saa yoyote akaja kumchukua bila kumpiga wala kumhoji usiku ule. Wangu wanampigia kaka yangu. Amepigiwa mara mbili, na mara zote mbili alikwenda na pikipiki yake bila swali. Maswali yalifuata asubuhi, baada ya chai. Kama watoto hawana mtu wa namna hiyo watapanda pikipiki ya mwenzao aliyelewa.

Wapo wanaoniuliza kuhusu wanafunzi wakubwa. Kijana wa kidato cha sita mwenye miaka 19 si mtoto kwa sheria hii, lakini shule yake ina kanuni zake na mimi aliyevaa sare simuuzii, hata alete kitambulisho cha babu yake. Akiwa amevaa kanzu au jinzi na nina shaka, naomba kitambulisho cha taifa cha NIDA au kadi ya mpiga kura, kwa sababu vinaonyesha tarehe ya kuzaliwa. Hana? Soda ipo. Waliotoka hapo wamekasirika ni wengi na hakuna aliyenifungia duka.

Sherehe zinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu pale kila mtu anadhani mwenzake anaangalia.

Anzeni kwenye kikao cha kwanza cha kamati. Vinywaji vya watoto vipewe mstari wake kwenye bajeti, visiwe makombo ya soda zilizobaki. Watoto wakiishiwa soda saa 12 jioni na sherehe inakwisha saa 5, watakunywa kilichopo. Halafu teueni mtu mzima mmoja, asiyekunywa siku hiyo, awe wa watoto tu. Sisi tunamwita mama wa watoto hata akiwa mwanaume. Watoto wakae upande wao, wapewe chakula kwanza kabla ya watu wazima, na wakilala waende chumba ambacho mlango wake mtu anaupita mara kwa mara.

Vinywaji vikae sehemu moja, nyuma ya meza, na mtu mzima. Mimi natumia kuponi: mgeni mtu mzima anapewa akifika, anabadilisha mwenyewe mezani kwangu. Mtoto akija na kuponi ya mjomba namwambia mjomba aje. Wahudumu wote wawe wamefika miaka 18, na wanaokusanya chupa pia. Hapo ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo narudia: chupa zikusanywe na watu wazima, na zimwagwe mabaki palepale kwenye ndoo moja kabla ya kurudi kwenye kreti. Glasi hivyohivyo.

Kisha shampeni. Kwenye kipaimara na ubarikio MC anapenda kumwita mtoto mwenyewe mbele afungue, watu wapige makofi, agonge glasi na wazazi. Mtoto ana miaka 13. Muoneni MC kabla. Nunueni ile isiyo na kilevi, na msome maandishi ya chupa wenyewe dukani, kwa kuwa chupa zote zina karatasi ya dhahabu shingoni na zinafanana. Kama imeandikwa asilimia yoyote ya kilevi, hiyo ni ya wazazi. Mtoto agonge na soda. Picha inatoka vilevile.

Kazi ngumu ni wazee. Kwenye jando hasa, kuna wanaoona kijana aliyetoka porini amekuwa mwanaume na apewe kikombe. Sipendi kumkatalia mzee mbele za watu, na haifanyi kazi. Ninakwenda kwake kabla, siku ya maandalizi, nimepiga goti, namsalimia kwa Kigogo. "Mbukwa, baba mkubwa. Nimekuja na ombi. Kijana wetu heshima yake ya kesho naomba iwe ya asali au togwa. Kikombe cha ujimbi kitamngoja mpaka atimize miaka yake, na naomba uwe wewe utakayempa siku hiyo." Wazee wengi ninaowaendea hivyo wanakubali, na wengine ndio wanaokuwa walinzi wakali kuliko mimi. Mmoja alinikatalia, akasema nimesoma sana. Huyo nilimwambia kwa adabu kwamba nitakayemweka kwenye vinywaji amekatazwa kuwapa watoto, na kwamba mwenyekiti wa mtaa ataalikwa. Alinuna, lakini watoto hawakunywa.

Na kama mtoto wako amealikwa kwa wengine, piga simu. Uliza nani mtu mzima atakayekuwepo, pombe itakuwepo au la, na anarudi na nani saa ngapi. Mama mwenzako akiudhika kwa maswali matatu, hilo nalo ni jibu.

Sasa, mahali panapouzia watoto. Usianze kwa ugomvi. Mwone mwenye duka au kilabu mchana akiwa hana wateja, mwambie unachokijua. Akiendelea, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na mtendaji wake, kwa sababu Sheria ya Mtoto inamtaka mtu yeyote mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa ya eneo lake. Eleza mahali, siku, saa, na ulichokiona kwa macho yako. Kata ikiwa na ofisa ustawi wa jamii ndiye mtu wa kumtafuta, hasa kama mtoto analeweshwa na wazazi wake wenyewe, kwa kuwa yeye anaweza kuifuata familia baada ya siku ile. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto, haina malipo, na anaweza kuipiga mtoto mwenyewe au wewe. Waandikie watoto wako nyuma ya daftari. Kama kuna mtoto yuko hatarini dakika hiyo, piga 112.

Usimtaje mtoto kwenye magrupu ya WhatsApp wala kurusha picha yake akiwa amelewa. Nimeona picha ya namna hiyo ikizunguka hapa mjini na yule binti aliacha kwenda shule. Waliorusha walisema wanakemea ulevi.

Wauzaji wenzangu, natamani tuelewane mtaa mzima, maana nikimkataa mimi na jirani akamuuzia, nimefanya kazi bure. Kwa upande wetu tulikaa wenye maduka watano, tukakubaliana kwa mdomo tu: mtoto haondoki na kilevi, hata kama ametumwa, hata kama ana barua, hata kama baba yake ni mteja wa kila siku. Mwezi wa kwanza tulipoteza mauzo kidogo. Baadaye akina baba walizoea kutembea.

Yule shemeji niliyeanza naye alirudi baada ya wiki mbili. Alinunua mbili za baridi, akasimama kidogo, akaniuliza kama nitakuwa na nafasi mwezi wa nane. Mtoto wake mkubwa ana kipaimara. Nimekubali kushika vinywaji. Kikao cha kwanza kilikuwa Jumapili iliyopita, na tulianza kuandika makreti ya soda.